Pasipoti Ndani ya Sefu

Jumatatu, 3 Juni

Msiba. Kasuku amechaguliwa. Ndiye kifungua mimba wangu, binti wa miaka kumi na sita, na tunamwita Kasuku kwa sababu hajanyamaza tangu alipojifunza kusema. Wiki tatu ng'ambo, yeye na wenzake kumi na mmoja, ziara ya masomo ya likizo. Eti watapima maji ya mito na kulala kwenye bweni la chuo. Mama yake alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kutupongeza. Nami nikapongezwa. Nikacheka. Walipoondoka nikakagua komeo zote za nyumba.

Mimi ni fundi wa makufuli. Miaka ishirini kazi yangu ni kuhakikisha vitu havitoki. Hao wanaosema dunia ni nzuri hawajawahi kuletewa vitasa vilivyovunjwa.

Jumatano, 5 Juni

Mkutano wa wazazi shuleni. Mpango: niwatie hofu wote, safari ivunjike yenyewe. Nilikuwa na maswali ishirini na matatu, nimeyaandika. Milango ya bweni ina komeo za aina gani? Mto una kina gani? Injini moja ya ndege ikizimika je? Baba mmoja akaanza kujifuta jasho. Nikaona mambo yanaiva.

Kumbe mwalimu wa safari, mama mpole mwenye miwani, ana jibu la kila swali, na picha juu yake. Nilipofika swali la kumi na tisa wazazi wakanipigia makofi. Wakasema mzazi makini ndiye huyu. Wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya safari. Nilikwenda kuizika, nimerudi nimeibeba mgongoni.

Ijumaa, 7 Juni

Pasipoti imetoka. Kijitabu chembamba tu. Mke wangu akanikabidhi nikiweke mahali salama, maana usalama ndiyo kazi yangu. Fisi kapewa bucha!

Dukani kwangu kuna sefu ya mwenye duka la dawa wa mtaa wa pili. Aliileta kitasa kikiwa kibovu, nimekitengeneza tangu juzi. Nikatia pasipoti ndani, nikafunga. Ndege inaondoka tarehe kumi na tano. Pasipoti itaonekana tarehe kumi na sita. Mimi ndiye nitakayeshangaa kuliko wote.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikwenda kunyoa. Nusu saa tu. Kurudi, sefu haipo. Mke wangu, aliyeniletea chakula, akasema mwenyewe amekuja na wabebaji wawili akaichukua, na ameshukuru sana.

Nikakaa juu ya sanduku la misumari. Akaniuliza ninaumwa nini. Nikasema njaa. Akanipakulia sahani mbili, nikazimaliza bila kujua nakula nini.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda duka la dawa na mfuko wa vifaa. Nikamwambia mwenye duka kitasa kinataka mafuta mara ya pili. Akasema mbona kinafunguka kwa kidole kimoja. Nikamwambia huo ndio ubaya wenyewe. Akanitazama mimi, akautazama mfuko. Hapo nikajiona kama anavyoniona: fundi anayetafuta njia ya kurudi kwenye sefu ya mtu. Akamwita mhudumu wake asimame mlangoni.

Nikanunua dawa ya kikohozi, nikaondoka. Sina kikohozi.

Nyumbani Kasuku amepanga nguo zake kitandani. Akaulizia pasipoti. Nikasema iko mahali salama. Huo si uongo.

Jumatano, 12 Juni

Zimebaki siku tatu. Kila mlango ukibishwa nadhani ni polisi. Saa nne asubuhi ukabishwa kweli. Nikachungulia dirishani: mwenye duka la dawa! Nikajiona nimeshafungwa. Nikaingia nyuma ya pazia.

Kasuku ndiye aliyefungua. Nikamsikia mgeni akieleza kwamba alikuwa akipanga karatasi zake ndani ya sefu, akakuta pasipoti ya binti wa fundi. Akauliza imefikaje humo. Kasuku akanyamaza. Kasuku! Mwishowe akajibu kwamba baba yake ana mambo mengi kichwani, akashukuru, akafunga mlango.

"Baba, toka. Miguu inaonekana."

Nikatoka. Nilingoja anikemee. Akakaa chini, pasipoti mapajani, akaanza kuikwaruza kwaruza kwa ukucha.

"Na mimi naogopa," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie niende. Kila mtu ameniambia, isipokuwa wewe."

Kwa siku tisa nilidhani hofu yote ya nyumba hii ni yangu peke yangu. Nikamwambia, "Nenda, mwanangu." Lilinitoka kama jino.

Akaniapisha nisifiche tena kitu chake chochote. Nikaapa. Naye akaahidi hatamwambia mama yake.

Jumamosi, 15 Juni

Uwanja wa ndege. Wazazi wakataka mwenyekiti aseme neno. Nikasema safari ni shule, halafu sauti ikakatika. Wakadhani ni fahari. Kasuku alinikumbatia, akaingia kwenye mlango wa vioo, akageuka mara mbili. Nilihesabu: mara mbili. Ndege iliporuka nilimshika mke wangu mkono hadi akalalamika.

Alhamisi, 20 Juni

Amepiga simu. Ameongea dakika arobaini bila kuvuta pumzi. Maji ya mto ni baridi, ana rafiki mpya, mwalimu anawahesabu asubuhi na jioni. Kila kitu ni kizuri mno. Halafu, katikati ya kicheko, akataja kwamba mlango wa chumba chao wakati mwingine haufungi sawasawa.

Haufungi!

Niliapa sitaficha kitu chake. Kumfuata sikuapia. Mke wangu nimemwambia kuna semina ya mafundi, siku chache tu. Mchana nimekwenda kupigwa picha za fomu ya pasipoti yangu. Mpiga picha amerudia mara tatu. Aliniomba nitulize macho, nisiwe kama mtu anayekimbizwa.

Nikamwambia apige tu, hii ndiyo sura yangu.