Karoti za Kupinda

Mabruki Taib alikuwa amekwenda Hurlingham, mtaa wa wakubwa Nairobi, kuuza kiwanja kisicho chake, akakuta mtu anamwagia karoti mafuta ya taa. Akakisahau kiwanja papo hapo.

Mwaka ulikuwa 1974, na Mabruki alikuwa na mali tatu duniani: suti nyeupe, viatu vya rangi mbili, na Kiswahili cha Mombasa ambacho Nairobi humfungulia mtu mlango kabla hajabisha hodi. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta watu wenye tamaa na kuwapunguzia mzigo. Asubuhi ile alisimama nyuma ya duka la mboga la Zadock Ambani, akamwita mfanyakazi aliyeshika debe.

"Ndugu yangu, hizo karoti zimekukosea nini?"

"Zimepinda, mzee," akajibu yule mtu, ambaye jina lake lilikuwa Nashon.

"Zimepinda tu?"

"Hii iko na miguu mbili. Hii ingine iko na kidevu. Bosi anasema bibi ya balozi hawezi kula kitu iko na kidevu."

"Na mafuta ya taa ni ya nini?"

"Ndio watu ya Kangemi wasikuje kuokota. Bosi anasema mtu akikula ya bure leo, kesho hatanunua."

Tuseme ukweli: hakuna mtu wa Kangemi, mtaa wa wanyonge, aliyewahi kununua hata kitunguu katika duka la Zadock, wala hakuna aliyewahi kukaribishwa. Lakini ndivyo mtu mwenye duka anavyofikiri, na akili ya namna hiyo haina dawa.

Kando ya lundo alisimama mwanamke na gunia tupu. Huyo alikuwa Peres, na karoti zilikuwa zake. Alikodi kipande cha shamba Mutuini, chenye mawe mengi kuliko udongo, na karoti ikikutana na jiwe hupinda, ingefanya nini? Alizipalilia miezi minne. Akazileta mpaka Hurlingham, Zadock akazipima kwa rula, zilizonyooka akazichukua kwa bei ya kutupa, zilizopinda akaziita aibu. Sasa zilinuka kama kibatari. Peres alikuwa na uchungu uliopita machozi. Kama angempa jirani yake akala, roho yake ingetulia. Lakini kuharibiwa chakula mbele ya macho yake, hilo halikumwingia kabisa.

Mabruki hakumtazama. Alikuwa anatazama karoti na kuona nyumba ya ghorofa.

*

Huyu Zadock alikulia Vihiga, akila karoti na udongo wake kama sisi sote. Kisha akawa mpishi wa mzungu mwenye duka, na mzungu alipoondoka alimwachia duka, rula na dharau yake. Zadock aliyatunza yote matatu. Mfukoni alikuwa na pete ya pazia: nyanya ikipita kwa urahisi, ndogo; ikikwama, kubwa. Mteja akitaka kujua kama nyanya ni tamu, Zadock alishangaa, maana hilo halikuwa kwenye kipimo.

Wiki moja baadaye suti nyeupe iliingia dukani, na barua yenye mihuri mitatu ikatua mezani.

"Naitwa Bwana Taib, mkaguzi wa Chama cha Mboga za Heshima, makao makuu Jeneva. Nimeliona duka lako, Bwana Zadock, na nimesikitika sana."

Zadock akaruka. "Kusikitika kwa nini? Hapa ni daraja ya kwanza tupu! Angalia karoti yangu!"

"Ndizo zilizonitia simanzi. Zimenyooka."

"Si ndiyo! Zimenyooka kama rula!"

"Masikini." Mabruki akatikisa kichwa polepole, kama anayesoma hitima. "Ina maana habari hazijafika huku. Paris, bwana wangu, karoti iliyonyooka sasa hupewa farasi. Watu wenye jina hula karoti ya kusokotwa. Husokotwa kwa mkono ingali changa, na watawa, huko milimani. Mtawa mmoja hasokoti zaidi ya karoti tisa kwa siku. Vidole vinauma."

Akafungua kikapu. Ndani, juu ya karatasi laini ya buluu, zililala karoti kumi na mbili zenye miguu miwili, pua na videvu.

Sasa angalia mtu anavyopofuka. Karoti zile zilitoka uani kwa Zadock jana yake, kabla ya debe la mafuta ya taa kufika. Alizitupa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini jana hazikuwa na karatasi ya buluu, na Zadock tangu utotoni hajawahi kununua kitu chenyewe, hununua karatasi.

"Mimi nilikuwa najua," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nasikia hiyo maneno ya watawa. Unauza bei gani?"

Bei ilikuwa mara kumi. Mabruki akaongeza upole: chama hakipendi harufu ya mafuta ya taa, kwa hiyo takataka zote za uani atazichukua yeye, bila malipo. Zadock akamshukuru hata akampa nauli.

Ikawa hivyo. Asubuhi karoti zilitolewa mlango wa nyuma kama takataka. Jioni ziliingia mlango wa mbele zikiwa zimeoga. Bibi ya balozi mmoja alinunua sita akaziita za kupendeza. Kuanzia siku hiyo wake wa wakubwa wetu wapya wakaja na madereva, kila mmoja akitaka yenye miguu mingi kuliko ya mwenzake. Mmoja aliiweka yake kabatini, sebuleni, mpaka ikaota ndevu. Watu hao hao, miaka kumi nyuma, wangelala njaa kama mama zao wangewachagulia karoti kwa sura.

*

Tatizo la Mabruki lilianza Zadock alipoacha kununua zilizonyooka. Bila ukaguzi hakuna takataka, na bila takataka hakuna watawa. Basi akaenda soko la Kangemi kutafuta zilizopinda, na kila aliyemwuliza alimwelekeza kwa Peres, mwenye shamba la mawe.

Peres aliitambua suti mara moja. Suti haikumtambua yeye.

"Mama, nataka karoti mbovu mbovu. Ni za farasi wa mashindano, pale Ngong Road."

"Farasi inapenda ya kupinda?"

"Huwaongezea mbio kwenye kona."

Peres akamwuzia, akafurahi kwamba angalau kuna mdomo unaozila, hata kama ni wa farasi. Alifurahi Jumapili tatu. Ya nne, baada ya ibada, Nashon, ambaye alisali naye kanisa moja, akamvuta pembeni.

"Dada Peres, ile karoti yako ya kidevu nimeiona. Imelala kwa karatasi kama mtoto ya hospitali. Inaletwa na mkaguzi ya suti nyeupe, na bei yake inanunua kondoo."

Peres hakuamini. Jumatatu alikwenda kwa miguu hadi Hurlingham, akasimama nje ya kioo, akaiona karoti yake na kibandiko cha Jeneva shingoni. Alipandwa na hasira hadi akacheka peke yake barabarani, watu wakampisha. Kumbe alimwagiwa mafuta ya taa kwa kosa ambalo sasa linauzwa kama dhahabu.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomkera zaidi. Sokoni, wanawake wenzake walikuwa wamekaa na marundo ya karoti zilizonyooka, nzuri, zilizoanza kulegea kwa jua. Zadock alizikataa. Alisema eti ni chakula cha farasi.

*

Siku mbili baadaye Mabruki akaja mbio. Mkubwa mmoja anamwoza binti yake Jumamosi, na Zadock ameahidi karoti za watawa kwa wageni mia tatu.

"Mama Peres, nataka magunia kumi."

"Farasi yako imezaa?"

"Wamepata wageni."

"Sawa. Lakini pesa mbele, mzee. Yote. Kwa sababu farasi ikikosa kukimbia, utasema ni karoti."

Mabruki akatoa kila alichonacho, akavua na saa. Jumamosi alfajiri akakuta magunia kumi yamepangwa, kila moja na kilemba chake: lile lundo linalozidi mdomo wa gunia na kushonewa kamba za katani, ili mnunuzi aone mali. Ndani ya kamba zilionekana karoti zilizojipinda kwa kila namna. Mnunuzi yeyote wa Kangemi angefumua kamba na kuzamisha mkono mpaka kwapani, maana tumbo la gunia halifanani na kilemba chake, na hilo hata mtoto wa Kangemi analijua. Mabruki akautazama mkono wa suti yake nyeupe. Halafu akajiuliza: tangu magunia yaanze kushonwa, nani amewahi kuficha nzuri chini ya mbaya?

"Pakieni!" akasema.

Dukani kwa Zadock madamu walikuwa wamejaa, na dereva wa mkubwa anasubiri. Nashon akafumua gunia la kwanza. Zikatoka zilizopinda, kama ndoo moja. Kisha zikamwagika sakafuni karoti zilizonyooka, ndefu, laini, zote urefu mmoja. Gunia la pili vilevile. La tatu.

"Hii ni nini?" Zadock akatoa rula, akapima moja. "Zimenyooka! Zote zimenyooka! Bwana Taib, unaniletea takataka mbele ya wateja?"

"Bwana wangu, labda watawa walichoka..."

"Toka! Nashon, leta mafuta ya taa!"

Nashon akaleta debe. Maji aliyotia ndani asubuhi yalikuwa safi kabisa, na mlango wa nyuma wanawake wa Kangemi walikuwa tayari na vikapu. Karoti zilizonyooka, zile zile za sokoni, zilirudi nyumbani zimeoshwa, na jioni ile Kangemi ilinukia mchuzi.

Mlango wa mbele aliingia Peres na mkokoteni uliojaa zilizopinda.

"Nimesikia kuna harusi," akasema.

Zadock hakumkumbuka. Hajawahi kumtazama usoni, alikuwa anatazama rula. Peres akataja bei, akaitaja mara moja tu, na Zadock akalipa bila kupumua, dereva akimpigia honi.

Alipotoka alimkuta Mabruki ameketi ukingoni mwa barabara, suti ina udongo hadi magotini. Hakuwa na nauli, hakuwa na saa ya kujua amechelewa wapi.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "tangu asubuhi sijatia kitu tumboni."

Peres akashusha kikapu begani. Akaingiza mkono ndani, akatoa karoti moja ndefu, nzuri, akaifuta kwa khanga.

"Chukua, Bwana Mkaguzi. Imenyooka, lakini inalika."