Timazi Ndani ya Kihenge

Jumatatu, 1 Julai 1974
Nimechaguliwa msimamizi wa ujenzi wa zahanati ya kijiji! Leonidas nimembwaga kwa kura tisa. Mwenyekiti Simeoni akatangaza kwamba ukuta wowote ukibomolewa, msimamizi atafyatua matofali upya kwa mikono yake, na cheo kitakwenda kwa Leonidas. Leonidas akapiga makofi, peke yake.

Alhamisi, 4 Julai
Nimewaza sana. Kazi hurudiwa lini? Ikishapimwa! Isipopimwa hairudiwi. Adui ni timazi, ile kamba yenye chuma ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Nimeificha ndani ya kihenge chetu cha mtama. Mafundi nimewaambia imepelekwa Singida mjini kutengenezwa. Leonidas akauliza kamba na chuma vinaharibikaje. Wivu tu.

Jumamosi, 20 Julai
Kuta zimefika juu. Tunapima kwa jicho. Nimejenga matembe kumi na moja, nyumba zetu za paa la udongo, kwa jicho. Palipopinda niliongeza udongo juu ya paa, mambo yakaisha. Leonidas anasema ukuta wa mashariki umelala. Nimemjibu kuwa umeinamia upepo, makusudi.

Jumanne, 30 Julai
Mabati yamefika. Bati halibembelezeki kwa udongo! Upande mmoja yamezidi, upande mwingine jua linaingia. Nikaamuru pengo lizibwe kwa tope. Mke wangu Elina, mwenye mimba ya miezi minane na anayetarajia kujifungulia humo, akatazama juu, akauliza tope likidondoka litamwangukia yeye au mtoto. Niliona aibu.

Ijumaa, 2 Agosti
Bwana Ujenzi wa wilaya amekuja na timazi yake mwenyewe. Hilo sikulifikiria! Ukuta wa mashariki chini. Leonidas juu.

Jumatatu, 5 Agosti
Nafyatua matofali. Mgongo wangu! Elina ameikuta timazi akichota mtama, akampelekea Leonidas bila kuniuliza. Sasa Leonidas anapima kila mstari. Akikuta kosa anatoa tofali moja, anaendelea. Mwendo wa kinyonga. Elina ameshachagua kona ya kitanda chake.

Jumatano, 7 Agosti
Leonidas amenihurumia, amenipa nisimamie choo cha zahanati. Safari hii nimejifunza. Kosa lilikuwa kihenge: mtama kila mtu anakula. Timazi nimeichukua tena, nimeitia ndani ya mzinga wa nyuki. Hakuna atakayeingiza mkono. Jicho langu la kushoto limevimba, halifunguki. La kulia linatosha kupimia choo.