Panya Wanne wa Kaloleni

Alhamisi, 3 Machi 1983

Wito wa maisha umenipata leo, nikiwa na miaka sitini na minne! Nilipostaafu kituo cha utafiti nilipewa saa ya ukutani na ruhusa ya kubeba majarida yaliyokuwa yatupwe. Saa ilikufa zamani. Majarida bado yanasema.

Nieleze. Panya majike walipewa kemikali ya kuleta saratani ya titi. Baadhi yao wakapewa pia chembe ya madini iitwayo seleniamu. Hao wakapata uvimbe mchache kuliko wenzao. Sababu? Hewa ile ile tunayovuta hutula ndani polepole, kama kutu kwenye mabati. Mwili una walinzi wa kuzuia kutu hiyo, na baadhi yao hawafanyi kazi bila seleniamu. Nayo inapatikana wapi? Kwenye samaki! Omena, wale dagaa wa ziwani! Wamejaa magunia sokoni Jericho na hakuna anayewaheshimu.

Nitalirudia jaribio hapa Kaloleni. Kisha mhadhara ukumbini, Jumamosi ya tarehe 19. Kimeu atanyamaza. Kimeu alikuwa dereva wa kituo, sasa anachonga twiga kule Mbotela, na huwaambia watu kwamba sikuwa mtafiti, nilikuwa mlisha panya.

Nilikuwa mlisha panya. Lakini nililisha kwa maarifa.

Jumamosi, 5 Machi

Panya wanne wamenaswa nyuma ya jiko. Vizimba viwili vya mbao, kazi ya Kimeu. Aliniuliza kama nimeanza ufugaji. Nikamjibu kuwa ni sayansi. Akacheka hadi patasi ikamtoka mkononi.

Kizimba A: ugali mtupu. Kizimba B: ugali na unga wa omena uliochanganywa na simsim. Kila kizimba na kadi yake, kama kituoni. Nimeandika kwa mwandiko mzuri: MAJIKE, WAWILI. Kemikali ya kuleta saratani sina. Nimeamua moshi wa viwanda utatosha.

Mke wangu Khavere amesema wanawake wengine waume zao hustaafu na kwenda kulima.

Jumatatu, 7 Machi

Nthambi amekuja. Ni jirani yetu, mjane, anauza sukuma wiki Jericho. Khavere alikuwa kanisani. Nthambi alikaa ukingoni mwa kiti na kuzungumza akiangalia sakafu. Ana uvimbe kwenye titi, kama punje ya harage. Muuguzi amempa kadi ya kliniki, Alhamisi hii. Aliniuliza, mimi mtu wa kituo, kama watamkata.

Nilipaswa kusema: nenda. Neno moja tu. Badala yake nilieleza kwa saa nzima. Kutu, walinzi, panya. Alisikiliza kwa heshima kubwa, na hiyo ndiyo iliyoniharibu. Mwishoni akauliza, kwa hiyo mwalimu, naweza kungoja kidogo?

Nikasema wiki sita si kitu katika sayansi.

Uso wake ulifunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikampa kopo la unga, vijiko vitatu kwa siku. Kabla hajafika kwenye lango lao nilikuwa nimeshaandika kadi. NAMBA 5. JIKE. MIAKA 47.

Alhamisi, 10 Machi

Saa ya kliniki nilipita Jericho kwa bahati tu. Nthambi alikuwa kwenye meza yake, akikata sukuma. Alinipungia mkono kwa furaha. Anasema anacheua omena kutwa na wateja wanamuuliza kama amefungua duka la samaki.

Nilicheka. Nyumbani nilirudisha sahani ikiwa nusu. Khavere akauliza kama ni tumbo. Nikakubali kuwa ni tumbo.

Panya wote wazima. Matokeo mazuri.

Jumatatu, 14 Machi

Balaa! Panya wametafuna vizimba na kuhamia kwenye unga wa Khavere. Vizimba vya kituoni vilikuwa vya waya. Nimekwenda Mbotela kumlaumu Kimeu. Amenikumbusha kwamba aliniuliza, mbao au waya, na kwamba nilimfafanulia ubora wa mbao hadi chai yake ikapoa.

Ni kweli.

Kufikia jioni nimenasa panya wanne. Ni wale wale, au wengine wanne. Kadi nimezirudisha mahali pake.

Jumamosi, 19 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Ukumbi ulijaa, kwa sababu akina mama walikuwa na mkutano wao baadaye na waliwahi viti. Nilivaa koti la kituo. Nilieleza kutu vizuri sana. Nikaonyesha vizimba: siku kumi na nne, hakuna uvimbe hata mmoja! Sikutaja kizimba A, ambacho nacho hakikuwa na uvimbe.

Kimeu akasimama. Akaomba ruhusa, kwa adabu ya kutisha, asogee aone. Akainama. Akachungulia. Akageukia watu, akasema hivi, nakumbuka kila neno:

"Jamani, hawa panya wa Mzee Mulama wote wana makende. Huyo wa kulia anayo kama ya fahali. Saratani ya titi itawapata wapi?"

Kicheko! Mabati ya ukumbi yalitetemeka. Nikasema kadi inasema majike. Kimeu akauliza ni nani aliyeandika kadi.

Nieleze, ingawa hakuna anayeuliza. Kituoni panya waliletwa na kadi zao tayari. Kwa miaka ishirini na miwili kadi ndiyo iliyonijulisha, na sikuwahi hata mara moja kumgeuza mnyama nikamtazama. Hapa niliandika kadi mwenyewe, kisha nikaisoma na kuiamini.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Kicheko kilipotulia, Nthambi alisimama safu ya tatu, kopo mkononi. Hakupaza sauti.

"Basi mimi, mwalimu, nangoja nini?"

Khavere aliligeukia kopo, kisha akanigeukia mimi. Kopo ni lake la kakao. Akaelewa yote.

Nilimjibu Nthambi kuwa sijui. Nadhani ni mara ya kwanza kusema neno hilo mbele ya watu.

Jumapili, 20 Machi

Khavere amezungumza mara moja tu. Amesema: Baba Laban, panya unawafunga kwa kizimba, mtu unamfunga kwa kopo. Kanisani alikaa na Nthambi. Mimi nilikaa na mzee Ndambuki, ambaye ni kiziwi.

Jumatatu, 21 Machi

Hospitali tangu kupambazuka. Nilishika foleni mimi, Nthambi akakaa benchi na Khavere. Muuguzi akatazama tarehe ya kadi na kuwaka. Kwa nini hakuja tarehe 10? Ni nani aliyemwambia angoje?

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikasoma tangazo la chanjo ukutani.

Nthambi akasema alikuwa na kazi sokoni.

Akakaripiwa yeye. Mbele ya foleni nzima, kama mtoto. Na alipopita karibu nami akanong'ona: usijali, mzee, ulitaka kunisaidia. Heri angenizaba kofi.

Nimewaachilia panya karibu na reli. Vizimba nimevipasua kuni.

Alhamisi, 31 Machi

Wamemkata leo. Khavere yuko naye. Nimeuza sukuma wiki Jericho badala yake, na nimeuza vibaya. Kimeu alipita, akanunua mafungu matatu asiyoyahitaji, na hakusema lolote kuhusu panya. Hilo liliniuma zaidi ya ukumbi.

Jumamosi, 16 Aprili

Nthambi amerudi nyumbani! Amekonda, mkono wa kushoto hauinuki vizuri, lakini anagombana na watoto wake, ishara njema. Daktari amesema ilikuwa saratani kweli, ila uvimbe ulikuwa mdogo na haujafika kwapani. Angengoja zile wiki sita, habari ingekuwa nyingine. Khavere alirudia maneno hayo mara mbili, akinitazama. Niliinamisha kichwa. Nimeona aibu kama sijawahi kuona, na nimeahidi sitampa mtu ushauri tena.

Hata hivyo.

Mdogo. Neno kama hilo nililisoma mahali. Nimelitafuta jarida na nimelipata: panya waliokula seleniamu walipata uvimbe mchache. Sasa, ni nani aliyekula omena siku kumi na mbili mfululizo, vijiko vitatu kwa siku? Vijiko thelathini na sita! Mimi sisemi kitu. Nimeitoa tu kadi ya Namba 5 na kuijaza, kwa kalamu, bila kelele, Khavere akiwa jikoni. Nimeuliza pia kama ukumbi una nafasi tarehe 7 Mei. Ipo.

Kwenye jarida hilo hilo, ukurasa unaofuata, kuna habari za zinki na magonjwa ya kifua. Kimeu alikohoa mara mbili jana akichonga. Kadi ya Namba 6 iko tayari, na safari hii sikukurupuka. Nimehakikisha kwa macho yangu. Ni dume.