Ombi la Kuongezewa Wanafunzi Kumi wa Kushika Mkia

Dunmeyer, Texas
Aprili 9

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu Fenske,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini goti uliloumia kwenye mechi ya walimu linapata nafuu. Mimi ni Lorene Hruska, mama yake Corinne wa darasa la kumi na mbili, yule mpuliza tuba, lile tarumbeta kubwa la bendi ya shule. Darasa lao lina wanafunzi mia moja. Chuo kikuu cha jimbo, kama ujuavyo, kinapokea bila maswali kila aliye ndani ya asilimia kumi ya juu. Corinne wangu ni wa kumi na moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kosa la Corinne ni kupenda muziki. A ya fizikia ya ngazi ya juu inahesabiwa alama tano, A ya bendi alama nne. Kwa hiyo kila alipopuliza vizuri, wastani wake ulishuka. Angebaki nyumbani akitafuna chipsi, leo angekuwa wa nane. Nilipomlalamikia mshauri wa wanafunzi, Bi. Tackett, alinijibu, "Lorene mpenzi, hesabu haina masikio." Nikamwambia, "Hata wewe huna." Kwa hilo naomba radhi, ingawa si sana.

2. Nafasi ya kumi ameichukua Renata Villaseñor, kwa tofauti ya sehemu tatu za elfu. Sina neno baya juu ya Renata. Sentensi hiyo nimeifuta na kuiandika upya mara nne.

3. Binamu yake Corinne, Tucker, anasoma huko mashambani katika darasa la watu thelathini, na yeye ni wa tatu. Jumapili, tukila nyama ya kubanika, aliuliza, "Hivi Alaska wanatumia pesa gani?" Tucker kapokelewa.

4. Kwa kuwa hesabu ni hesabu, basi tuiheshimu. Darasa likiwa na watu mia moja na kumi, asilimia kumi ni watu kumi na mmoja. Naomba uandikishe wanafunzi kumi wapya wenye uwezo thabiti wa kushika mkia. Nimeshawapata. Wa kwanza ni kaka yangu Vernon, miaka arobaini na sita, aliyeacha shule hapo hapo kwako. Aliuliza swali moja tu: "Chakula cha mchana kipo?" Waliobaki ni wapika nyama wa kanisa letu la Kilutheri. Mwenzao Dwayne nimemwondoa, maana kuna tetesi kwamba anajua aljebra.

5. Umri ukiwa kikwazo, naomba walimu nao wapangwe nafasi pamoja na wanafunzi. Kocha wa mpira peke yake atatusaidia sana.

Naomba jibu kabla ya Ijumaa, kwani Vernon ameshanunua begi. Msalimie mama watoto, wasalimie walimu wote, na Bi. Tackett pia, ukimkuta.

Wako mwenye imani na shule yetu,
Lorene Hruska

Nyongeza: Nilimpa Corinne barua hii anisahihishie tahajia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. "Mama," akasema, "kwenye mtihani wa kemia wa Januari niliacha kurasa mbili wazi. Makusudi." Kumbe tangu Desemba ana barua ya kupokelewa na chuo kimoja cha Ohio, ambacho hakiulizi mtu alishika namba ngapi. Alishindwa kuniambia kwa sababu ni mbali. "Mimi nilikuwa na pa kwenda. Renata alikuwa na hiyo asilimia kumi tu. Ungefanyaje, Mama?"

Usiandikishe mtu yeyote, tafadhali, na Renata asijue kamwe. Barua naituma hivyo hivyo, ili angalau mtu mmoja hapo ofisini ajue binti yangu ni wa ngapi.