Kiti cha Baba Mkwe

Jumatatu, 14 Julai

Nimeamua. Nitatengeneza kiti. Si stuli, wala si kibenchi cha kukalia mtu akichambua sukuma wiki. Kiti chenye mgongo, mikono na pa kuwekea miguu. Kiti cha mtu mkubwa!

Sababu ni mbili. Ya kwanza: Jumamosi ya tarehe 26 tunamfanyia baba mkwe wangu, Mzee Wanjohi, sherehe ya shukrani kwa kutimiza miaka themanini. Anaishi nasi hapa Munyaka, Eldoret, tangu afanyiwe upasuaji mwezi wa tatu. Wakwe wote watakuja. Ya pili: Cyril. Jirani yetu Cyril ni mwalimu wa fizikia, na mwaka jana alijitengenezea kabati la vitabu kwa mikono yake mwenyewe. Mke wangu Tabby amelisifu kabati hilo mara nne. Nahesabu.

Mimi nauza sare za shule. Anayejua kitambaa atajua mbao. Tofauti ni ugumu tu.

Jumatano, 16 Julai

Mbao zimefika. Saiprasi tupu, zinanukia vizuri. Nimezipanga kwenye stoo nyuma ya nyumba. Cyril akachungulia juu ya ua, akauliza kuna nini. Nikamwambia ni siri, kisha nikamweleza yote. Akataka kujua kama nimepata vipimo vya mwenye kukikalia. Nikacheka kwa dharau. Nikaingia ndani. Nikakaa. Vipimo sina.

Na nitavipataje? Kwetu baba mkwe ni mtu wa kuogopwa. Chumba anacholala huingii. Ukikutana naye mlangoni, unarudi nyuma mpaka ukutani. Huyo ndiye nimwambie ainuke nimpime makalio? Hata neno lenyewe siwezi kulitamka akiwa mtaa mmoja na mimi! Nilimwomba Tabby ampime yeye. Akasema ninunue kiti cha plastiki kama watu wengine.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepata! Heshima yenyewe ndiyo iliyonionyesha njia. Mtu aliyelala haaibiki. Mzee hujinyoosha kila siku saa nane mchana, mvua inapoanza kugonga mabati. Leo Tabby alikuwa sokoni. Nikavua viatu, nikachukua tepu ya dukani, nikaingia.

Alikuwa amelala chali, amenyooka, mikono imekutana kifuani. Sijawahi kuona mtu amelala kwa adabu namna hiyo. Karibu nimshukuru. Mabega, inchi kumi na nane. Kichwa hadi kisigino, futi tano na inchi saba. Nikapima na kina cha kifua, kwa sababu nilikuwa na nafasi.

Nilipokuwa nikiandika, nikagundua mvua imenyamaza. Haikupungua kwanza. Ilinyamaza tu, mara moja. Nikainua macho. Mzee alikuwa ananitazama, na sijui alianza lini. Hakukasirika. Aliniuliza kwa upole ni ngapi. Nikasema tano na inchi saba. Akasema alidhani amepungua zaidi ya hapo. Akafumba macho tena.

Mzee mwungwana! Hakutaka kuniharibia siri yangu.

Jumamosi, 19 Julai

Mzee hakunywa chai. Uji pia ameukataa. Ameomba suti yake ya kijivu ipelekwe kwa dobi, na bado wiki nzima. Kisha akamwita Cyril akampa kofia yake, ile ya manyoya. Cyril! Mimi nimempa mzee chumba chenye madirisha mawili, na kofia inaenda kwa Cyril. Tabby naye akaonyeshwa zilipo karatasi za shamba la Sugoi. Alitoka mle ndani akiwa ameduwaa. Nikamtuliza kwamba wazee hupenda kupanga mambo kabla ya sherehe.

Saa nne Mzee akaja stoo na mkongojo wake. Akaangalia mbao nilivyozilaza chini, mbili ndefu, mbili fupi. Akazigonga kwa kidole, akaitikia kwa kichwa. Akanishauri nisitumie misumari mingi. Halafu akauliza kama nitaweka kioo. Nikamwambia sikuwa nimefikiria kioo. Akasema afadhali, kioo hakipendi, watu huchungulia.

Kiti chenye kioo! Sikujua Mzee ana ubunifu hivi. Tumekuwa marafiki, naona.

Jumatatu, 21 Julai

Ukungu tangu asubuhi, ua hauonekani. Nilipoingia stoo nilimkuta Mzee amelala juu ya mbao zangu, ndani ya suti, viatu vimepigwa rangi. Akasema upande wa miguu ni mfupi kidogo. Nikapima upya. Kweli! Nilikosea kwa inchi nzima. Cyril asingeona hilo na fizikia yake yote.

Nilipomsaidia kuinuka, mkono wake ulikuwa baridi kama nyundo iliyolala nje. Na alikuwa akiongea na mtu, sauti ya chini, akimwambia asisimame mlangoni, aingie. Nikamuuliza ni nani. Akasema ni Nyokabi, amekuja kuona kazi.

Mama Nyokabi ni mke wake. Tulimzika miaka kumi na minne iliyopita. Nilibeba jeneza upande wa kushoto.

Nikatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Lakini kwenye vumbi la mbao palikuwa na nyayo za miguu mitupu, midogo. Zilikuwa zikiingia. Nilizitafuta zinazotoka, sikuziona. Nikafagia upesi. Fundi ni usafi.

Jumatano, 23 Julai

Daktari alikuja, akapima presha, akapima sukari, akasikiliza kifua. Akasema mzee hana ugonjwa wowote. Mtu hana ugonjwa, na hii ni siku ya tano anaishi kwa maji!

Jioni mapema Cyril aliniita kwenye ua. Akauliza nimemfanyia nini mzee wa watu. Nikamweleza juu ya vipimo, kwa fahari kidogo. Kisha akasema, "Irungu, ulimpima mtu akiwa amelala? Na ni father-in-law yako? Wee, kuna fundi mmoja tu anapimanga watu hivyo."

Fundi wa majeneza. Ile suti. Zile karatasi. Kioo!

Nilikimbia hadi kwenye mlango wa Mzee nikapiga magoti nje, maana ndani siwezi kuingia akiwa macho. Nikamwambia ni kiti. Wallahi ni kiti. Akacheka kidogo. Akasema kiti hakihitaji urefu wa mtu mzima, kichwa hadi kisigino, na akanishukuru kwa kumficha ukweli kwa heshima. Huko ndani kulikuwa na mtu mwingine aliyecheka naye, sauti ya kike. Tabby alikuwa jikoni.

Ukweli ni kwamba urefu wote nimeutumia. Ndio mgongo wa kiti.

Naogopa. Naandika wazi kwa kuwa hapa hasomi mtu. Yule mzee nampenda. Siku ya harusi yangu wakwe wote walikuwa wamenuna, na ni yeye peke yake aliyecheka nilipotoa hotuba.

Alhamisi, 24 Julai

Tabby ameambiwa yote na Cyril. Shukrani nyingi kwa majirani. Alilia, akanitukana, akalia tena. Kisha akakumbuka maneno ya nyanya yake: mtu akipimwa akiwa hai, kipimo hukaa ndani ya mbao kikimngoja. Choma mbao, na kipimo kinakufa. Zichomwe leo, Mzee aone moshi, na kesho atakula. Ni rahisi.

Rahisi kwake! Siku nane za kazi. Vidole viwili vimevimba. Kimebaki kubandikwa mkono wa kushoto tu. Na Cyril amesimama pale uani na kabati lake zima nyumbani, akisubiri kuona kiti changu kikiwa majivu.

Nikapata mpango. Kiti nilikizungushia blanketi nikakificha nyuma ya magunia ya sweta. Kisha nikabomoa banda la kuku, nikalirundika mbele ya dirisha la Mzee, nikalimwagia mafuta ya taa. Moshi mkubwa sana! Tabby alinikumbatia kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Mzee alivuta pazia, akanusa, akasema hiyo si saiprasi.

Kuku wamepanga mstari mbele ya stoo. Wote kumi na mmoja. Hawali, hawalii. Wanaangalia mlango.

Jumamosi, 26 Julai

Siku yenyewe. Watu kama sitini, hema mbili, sufuria nane. Mzee alitolewa nje akiwa ameshikwa huku na huku, mwepesi, suti inamning'inia. Hesabu yangu ilikuwa hivi: akikiona kiti, akakikalia, ataamini ni kiti, na kuamini ndiko kupona. Dawa halisi ninayo mimi, siyo nyanya wa mtu.

Nikavuta blanketi.

Watu wakarudi hatua moja nyuma. Hata watoto. Nakubali kwamba kikisimama wima kinaonekana tofauti. Mgongo unakaribia urefu wa mlango. Kipana mabegani, chembamba kinapoelekea chini, na ile mikono inafunga kila upande. Shangazi mmoja wa Tabby, mwanamke wa kanisa, akaanzisha wimbo wa mazishi bila kujijua, na wengine wakaitikia sauti ya pili. Waliimba vizuri.

Mzee akakiendea. Hakukaa. Akakizunguka mara moja, akaniuliza mbele ya wote kwa nini sikukichoma. Akasema basi kipimo bado kiko, na lazima kiwe cha mtu. Ama atakikalia yeye, ama atakikalia aliyekipenda kuliko watu. Ama kichomwe sasa hivi. Akatoa kiberiti mfukoni, akaninyooshea.

Tabby akaniita kwa jina la binti yetu, "Baba Purity, tafadhali. Choma hii kitu."

Ningekichoma. Nasema kweli. Nilishaanza kunyoosha mkono. Lakini Cyril alikuwa amekaa mstari wa mbele na ile kofia kichwani, na akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mwalimu anayeona mwanafunzi mzito amepata jibu.

Nikakaa.

Mimi ni futi tano na inchi tisa. Kiti kilinitosha kila mahali! Kisigino, bega, kisogo. Mbao zilikuwa na joto, kama mtu ameinuka hapo sasa hivi. Mzee akavuta pumzi ndefu na rangi ikamrudia usoni. Akauliza kama chapati zimeisha. Alikula nne, na mukimo, na kuku. Wakwe wakapiga vigelegele na kumlilia kwa furaha.

Nimemponya. Mimi, kwa kiti changu. Hakuna hata mmoja aliyenishukuru.

Jumatano, 30 Julai

Sina hamu ya chai. Ni kuridhika. Fundi akimaliza kazi kubwa hushiba bila kula. Miguu ina baridi, lakini Julai ya Eldoret ni Julai ya Eldoret. Mzee anachimba viazi huko nyuma na kupiga mluzi. Kila asubuhi huja hadi mlangoni, ananitazama, anafuta macho, anauliza kama sasa nimekubali kichomwe. Tabby ana galani ya mafuta ya taa tayari. Cyril amejitolea kukipasua kwa shoka lake mwenyewe, bure. Wivu hauna dawa.

Nimekiingiza chumbani; nikitoka nafunga, na ufunguo uko shingoni mwangu. Nashinda nimekikalia. Mama Nyokabi hunitembelea saa za mchana, anakaa ukingoni mwa kitanda bila kulibonyeza godoro. Hana maneno mengi. Jana alisema kiti ni kizuri, ila mtu mmoja peke yake atachoka huko.

Ni kweli! Sikuwa nimemfikiria Tabby hata kidogo, na ndio maana ana hasira. Mwanamke huyu amenivumilia miaka ishirini na mbili. Mbao zimebaki za kutosha. Nitamtengenezea chake, na safari hii sitakosea ile inchi moja, tukae bega kwa bega. Nilimwambia ni mshangao, ajilaze tu kidogo mchana. Akakataa. Tangu jana anakaa mkabala nami, mgongo ukutani, macho wazi, halali hata mvua ikigonga mabati. Amekuwa mwekundu wa macho na haongei nami.

Nina subira. Mtu hawezi kukaa macho siku zote. Tepu iko chini ya mto.