Pesa ya Meno Ilivyotua kwa Mama Mkwe

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na suti ilikuwa mwilini. Ndiyo kwanza nimeingia nyumbani. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wachukuzi wa bandari ya Kibirizi, maana wale wakianza wataongeza chumvi.

Mnaonijua mnajua mimi ni MC. Harusi, sendofu, kipaimara, mahafali, kote naitwa. Nina miaka arobaini na moja na sauti ninayo. Tatizo lilikuwa meno. Mawili ya juu yaliwatangulia wenzao tangu utotoni, na mwaka juzi mpiga video mmoja alinivuta karibu mpaka yakajaa skrini nzima, bibi harusi haonekani. Nikasema basi. Mwaka jana nikafunga waya. Ndiyo, waya za kunyoosha meno, zile mnazoziona kwa watoto wa shule za kulipia. Na zinanipendeza.

Nalipa kwa awamu sita. Daktari wa waya anakuja mara moja kwa mwezi kwenye kliniki moja hapa mjini, na anayepokea malipo ni mama mmoja mkarimu, mwenye sauti kubwa kuliko yangu, tunamwita Mama Meno. Hata kwenye simu nimemwandika hivyo. Ambaye awamu yake haijaingia hakazwi waya, anasubiri mwezi mwingine.

Mtu niliyekuwa namficha meno haya ni mmoja tu, mama mkwe. Yeye yuko Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa, anaanika dagaa. Kabla ya masika yaliyopita nilimwahidi kuiezeka upya nyumba yake, maana inavuja. Baadaye nikamwambia mambo yamekuwa magumu, anivumilie. Sasa mtu aliyesema mambo magumu hawezi kutokea ukweni mdomo unang'aa. Kwa hiyo mwaka mzima nikienda kumsalimia navaa barakoa. ("Kifua, mama. Nakukinga wewe.") Mama wa watu akawa ananifungashia asali.

Jana jioni nikatuma awamu ya tano kwa simu. Mimi simu naijua, sina haja ya kusomasoma. Nikatafuta jina, nikabonyeza, nikaweka namba ya siri, nikafuatisha ujumbe: "Hiyo ni ya meno. Kesho saa nne asubuhi tukutane kliniki."

Jibu likaja: "Mungu akubariki mwanangu. Sikutegemea. Nitakuwepo."

Nikajiambia, Mama Meno leo ana upendo. (Kwenye simu yangu, ukitoka Mama Meno anayefuata ni Mama Mkwe. Endeleeni tu kusoma.)

Leo saa tatu asubuhi mke wangu akanipigia akiwa dukani kwake. Sauti imelegea kama ya mtu aliyetoka kulia.

"Baba Neema, sina la kusema. Kumbe una moyo huo."

"Moyo ninao siku zote," nikamjibu.

"Na hukuniambia hata mimi."

"Mambo mengine mwanaume hatangazi."

Sikujua anaongelea nini. Nilidhani ni lile bomba la uani, nililitengeneza juzi. Nikavaa suti, maana baada ya kliniki nilikuwa na kikao na maharusi, nikavaa na barakoa kwa ajili ya vumbi, nikapanda bodaboda. Njia nzima najisikia mume bora.

Naingia kliniki, benchi la mbele kabisa amekaa mama mkwe. Kitenge kipya, kilemba, pochi mapajani. Alikuwa amepanda boti ya alfajiri kutoka Mwamgongo, akashukia Kibirizi, binti yake akamwelekeza mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwana wanje," akaniitikia kwa kilugha, yaani mwanangu. Kisha akawageukia wagonjwa wenzake, walikuwa kama wanane. "Huyu ndiye niliyekuwa nawaambia. Watoto wangu wa kuzaa hawakuona. Mkwe ndiye ameona."

Watu wakanitazama kwa heshima. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba akanipa mkono. Nikaupokea. (Mngefanya nini ninyi?)

Nikatoa simu taratibu, nikaangalia muamala wa jana. Jina la mama mkwe, herufi kubwa, limekaa pale. Nikaelewa kila kitu kwa mpigo: jibu lenye upendo, simu ya mke wangu, kitenge kipya. Lakini sikuchanganyikiwa. Mimi nimewahi kuendesha harusi ambayo bwana harusi alichelewa saa tano na ukumbi haukujua. Nikapanga nimfuate Mama Meno dirishani, nimnong'oneze, mama mkwe atibiwe kwa pesa ile, mimi nisubiri mwezi ujao. Hakuna atakayejua.

Nikapiga hatua mbili. Ya tatu sikuifikisha.

"MC," sauti ya Mama Meno ikatoka dirishani, ile ile ya siku zote. "Awamu ya tano mbona haijaingia? Daktari anaondoka saa nane."

"Nakuja, mama," nikasema, huku nampa ishara kwa macho. Ishara za macho juu ya barakoa hazisomeki.

"Awamu ya nini?" mama mkwe akauliza.

"Ya waya zake," Mama Meno akamjibu, amejaa fahari ya kazi. "Huyu tumekaa naye mwaka mzima. Na amenyooka vizuri. Vua barakoa, MC, mama aone kazi."

Wote wanane wakageuka. Nikavua. Nikatabasamu, kwa sababu nikiogopa huwa natabasamu, ni ugonjwa wa kazi. (Asubuhi nilikuwa nimekunywa chai na kiporo cha matembele. Mwenye waya anajua matembele yanapoishia.)

Mama mkwe akafungua pochi, akatoa miwani, akavaa. Akanitazama mdomoni kwa utulivu, kushoto kwenda kulia, kama anayekagua dagaa kabla ya kupanga bei.

"Awamu moja ni kiasi gani?" akauliza. Hakuniuliza mimi.

Mama Meno akamtajia.

Mama mkwe ameuza dagaa tangu mke wangu hajazaliwa. Hahitaji kalamu. Akatazama juu kidogo, midomo ikacheza, akarudi kwangu.

"Awamu moja ni mabati manane. Umelipa nne. Mabati thelathini na mawili. Nyumba yangu inataka thelathini."

"Mama, naomba nikueleze..."

"Kwa hiyo paa langu unalo mdomoni."

Kliniki nzima ilicheka. Yule mzee mwenye shavu alicheka huku ameshika shavu, akilalamika kwamba anaumia, na hawezi kuacha. Daktari alitoka chumbani kuangalia kuna nini, akaelezwa, naye akaingia ndani kuchekea huko.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Nikaona bora nimalizie kabisa. Nikamwambia kwamba hata pesa ya jana ilikuwa yangu, nilikosea jina, na ule ujumbe haukuwa wake.

Hapo hakucheka mtu. Mama mkwe akatazama simu yake, bila shaka ule ujumbe, halafu akainua upindo wa kitenge akaziba mdomo. Na mimi ndipo nikaona. Miaka kumi na tano nimemwoa binti yake, na yule mama anapocheka, anaposalimia, hata siku ya harusi yetu kwenye picha, upindo wa nguo uko mdomoni. Jino lake la mbele limetoka nje kuliko yangu yote mawili. Mimi, mtu wa kutazama watu kwa kazi, sikuwahi kuliona. Nilikuwa nimebanwa na meno yangu.

Nikachuchumaa mbele yake, suti na yote.

"Mama, pesa ni yako. Imefika mahali pake."

"Usinidanganye mara mbili kwa siku moja," akasema.

"Sasa hivi sidanganyi. Jana nilikosea jina. Leo ningekuwa nachagua, ningelichagua hilo hilo."

Akashusha upindo.

"Hili la mbele liache, nimezeeka nalo. Kuna gego linanitesa mwaka wa pili sasa. Waling'oe hilo. Inayobaki tunanunua mabati, leo hii."

"Sawa, mama."

"Na hayo mengine utanilipa kwa awamu. Naona awamu unaziweza."

Kung'oa gego kulikula bati moja. (Tangu leo hesabu zangu zote ni mabati.) Yakabaki saba. Daktari wa waya aliondoka saa nane kama alivyosema, akaniacha nilivyo mpaka mwezi ujao. Kikao cha maharusi nilikiahirisha. Nikakodi guta, tukapakia mabati, mimi nikakaa juu yake yasipeperuke, mama mkwe akakaa mbele na dereva.

Kibirizi tukawakuta wachukuzi wako kivulini, wamemaliza magunia ya dagaa.

"Mabati ya nani hayo?" mmoja akauliza.

Mama mkwe alikuwa na ganzi na pamba, hawezi kusema neno. Akaninyooshea kidole. Halafu akaninyooshea kidole mdomoni. Wachukuzi wakasogea.

"MC, ana maana gani?"

Ikabidi nieleze mwenyewe, tangu mwanzo, kwa sauti, maana injini za boti zilikuwa zinanguruma. Kila nikiruka sehemu, mama mkwe ananigonga begani niirudie. Mpaka mabati yanaingia botini, nimeshika upande mmoja na maji yamefika kwenye goti la suti, habari ilikuwa imeshafika kwa wauza dagaa wa mwisho kabisa.

Boti iliposukumwa, mama mkwe aliniaga kwa kutikisa kichwa. Alikuwa anacheka, pamba inaonekana, jino la mbele linaonekana, na upindo wa kitenge uko mapajani. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika mabati yake.

Barakoa nimeitupa. Waya zangu ziko nje, najua zimelipiwa na nani, na sina aibu nazo. Mke wangu nimemweleza yote jioni hii. Amesema bado ananipenda ila simu atakuwa anashika yeye.

Jumamosi nina harusi Ujiji, na wengi wenu mtakuwepo. Ombi langu ni dogo: ngojeni niseme kichekesho kwanza, ndipo mcheke.