Pua ya Shosho Iliyobaki Thika

Wangeci, Kidato cha Tatu,
Gitothua, Ruiru.

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Kurekebisha Pua,
Thika.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: MAMBO AMBAYO KIJIKARATASI CHENU HAKIKUTUELEZA

Natumai hujambo, wewe na wauguzi wako. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba mlalamishi mwenye adabu husifu kwanza, kwa hiyo nakusifu. Pua uliyomtengenezea Tata Waruguru, dada yake Baba, ni nyembamba, imenyooka, na haifanani na kitu chochote tulicho nacho nyumbani.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu ruracio ya Tata, siku ambayo watu wa mchumba wake wataleta mahari, ni mwezi wa Desemba, na mimi nimeondolewa kwenye mstari wa wasichana watakaofunikwa leso. Sababu ya kuondolewa ni kazi yako.

Tata alirudi kutoka kwenu na kijikaratasi kiitwacho "Utarajie Nini Baada ya Upasuaji". Kimeandikwa vizuri sana, kwa mtu anayeishi peke yake. Tata anaishi na sisi. Haya ndiyo malalamiko yetu.

1. Mnasema mgonjwa atarajie uvimbe na weusi kuzunguka macho. Hamsemi atarajie akina mama wa kanisa. Tata alikuwa amemwambia kila mtu, pamoja na mchumba wake Gachau wa kule Theta, kwamba anaenda kufunguliwa pua iliyoziba. Aliporudi na macho meusi na plasta usoni, Mama Magdalene, mwenyekiti wa akina mama, alimkuta langoni akasema, "Ngai, huyu kijana ameanza mapema hivi, na hata mbuzi mmoja hajaleta?" Gachau akaitwa mbele ya wazee wa kanisa. Ni mtu mpole, anafuga kuku wa mayai. Alimtazama Tata amtetee, Tata akatazama ukutani, kwa sababu kumtetea kungekuwa kueleza. Basi Gachau akaomba msamaha kwa kumpiga mtu ambaye hajawahi kumpiga, akawekewa mikono kichwani, na mpaka leo anahudhuria mafunzo ya kuzuia hasira. Anasema yanamsaidia.

Plasta ilipotolewa, Gitothua nzima ilisema Tata amekonda. Gachau mwenyewe anaamini kwamba pua ya kwanza ilikuwa imejazwa na kule kuziba.

2. Mnamkataza mgonjwa kucheka kwa nguvu, kutafuna vitu vigumu na kupenga kamasi, na mnamtaka apige chafya mdomo wazi. Baba hufanya mizaha wakati wa kula. Ndiyo raha yake pekee tangu apate ile kazi ya ulinzi. Sasa hula nje kando ya tangi la maji, na tukimsikia akijichekea huko tunaona huruma. Githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, ilipigwa marufuku, tukala viazi vya kupondwa hadi mbwa akahamia kwa jirani. Tena, Tata alipiga chafya mdomo wazi katikati ya maombi ya kimyakimya, na Muthoka, mpiga kinanda wetu, akaanzisha wimbo akidhani ameashiriwa.

3. Hili ni zito zaidi. Nasikia mgonjwa huandikisha kwenu mtu wa karibu, na Tata aliandikisha rafiki yake wa saluni, Kavindu. Daktari, mtu wa karibu ni mimi. Nilipewa jina la Shosho, mama yake Baba na Tata, na kwetu mtoto akipewa jina la mtu amekuwa mtu huyo. Tangu nizaliwe Tata ameniita "mami". Akinunua viatu ananiletea zawadi, kwa kuwa mtu hasahau mama yake. Kwa hiyo mimi, ingawa nina umri wa miaka kumi na sita, ni mama wa mgonjwa, na mama wa mgonjwa hakuulizwa. Siku mlipompasua nilikuwa darasani nikifanya mtihani wa Kemia. Kama mzazi, nimeumia.

4. Pua hiyo haikuwa ya Tata. Ilikuwa ya Shosho, ambaye anaivaa mpaka sasa, na mimi ninayo pia, pana kama ilivyotoka kwake, bila punguzo. Tata alikuwa ameachiwa aitunze tu. Mtu akikuletea koti la mamake ulipunguze, fundi mwaminifu huuliza mamake anasemaje, na vipande hurudishwa kwa mwenyewe. Je, vipande vyetu viko wapi?

5. Siku ya ruracio, bibi harusi husimama pamoja na wasichana wengine, wote wamefunikwa leso kichwa mpaka miguu, na bwana lazima amtambue wake. Akikosea hutozwa faini na watu hufurahi. Tata aliniahidi nafasi hiyo tangu nikiwa darasa la nne, na tumelingana kimo makusudi. Niliacha viatu vya visigino. Sasa anasema Gachau akifunua leso yangu kwa makosa, mama mkwe kutoka Theta, ambaye hajawahi kumwona Tata, ataiona pua ya zamani ikiwa bado hai na inapumua. Ataanza kuhesabu wajukuu watakaoirithi. Hivyo nimepangiwa kuosha sufuria nyuma ya nyumba. Nilimweleza kwamba hakuna mtu aliyefichika zaidi kuliko mtu aliye chini ya leso. Akaniambia, "Mami, nielewe tu." Nimejaribu.

Kwa hayo yote naomba mambo mawili. Kwanza, kabla ya Desemba, mrudishe pua ya Tata ilivyokuwa. Mkishindwa, mnipe barua yenye muhuri wa kliniki inayothibitisha kwamba pua yangu na familia yetu hazijuani, niivae shingoni siku hiyo. Pili, ongezeni ukurasa mmoja kwenye kijikaratasi, uitwe "Ndugu wa Mgonjwa Watarajie Nini".

Wasalimie wauguzi, na mlinzi aliyembebea Tata mkoba, na wagonjwa wote walio na plasta. Waambie wasicheke barua hii.

Wako katika kungoja jibu,
Wangeci,
kwa niaba ya mwenye pua.

N.B. Nimemsomea Shosho barua hii kabla ya kuifunga, ili atie kidole gumba kama mwenye mali. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mnapokea watu wenye presha. Anasema pua hii alipewa na babake, mzee Chege, na tangu akiwa msichana hakuna aliyemuuliza kama anaitaka. Kwa hiyo ya Tata msiirudishe. Shosho akitoka kwenu, atakayebaki nayo hapa nyumbani ni mimi peke yangu. Tafadhali nijulishe kama mnapokea wanafunzi likizo ya Agosti, na kama kufikia Desemba uvimbe utaonekana chini ya leso.